Ndoa, mwili na mapenzi ya jinsia moja: maswali ninayoulizwa kila msimu wa kipaimara

Nafundisha darasa la kipaimara katika mtaa mmoja wa Kanisa Anglikana hapa Tanzania. Mezani naweka boksi la viatu lililotobolewa kifuniko, na kijana mwenye swali analiandika kwenye kikaratasi na kulitumbukiza bila jina. Zamani boksi lilijaa maswali ya Freemason na alama ya mnyama. Siku hizi kila msimu hazikosi karatasi mbili tatu za ushoga, na wazazi nao wananivizia mlangoni baada ya ibada. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayowapa. Mimi si askofu wala mwanasheria, kwa hiyo jibu likiwa langu mwenyewe, nitasema.

Kanisa Anglikana linafundisha nini hasa?

Andiko linalotajwa zaidi ni azimio la Mkutano wa Lambeth wa mwaka 1998, lile linaloitwa I.10. Maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima walikutana Canterbury, Uingereza, wakalipitisha kwa kura 526 dhidi ya 70, na 45 hawakupiga upande wowote. Linasema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, kwa uaminifu, mpaka kifo. Asiyeitwa kwenye ndoa, njia yake ni kujizuia. Linasema pia kwamba kanisa haliwezi kushauri kubarikiwa kwa mahusiano ya jinsia moja, wala kumweka wakfu aliye ndani ya uhusiano wa namna hiyo.

Hapo ndipo wengi wanapofunga karatasi. Azimio lenyewe halijaishia hapo. Maaskofu walikiri kwamba wapo kati yetu watu wenye mvuto wa jinsia moja, wakaahidi kuwasikiliza, wakawahakikishia kwamba wanapendwa na Mungu, na kwamba kila aliyebatizwa, anayeamini na aliye mwaminifu ni kiungo kamili cha Mwili wa Kristo, mvuto wake uwe wowote.

Ni kweli kuna Mtanzania aliyechangia maneno ya azimio hilo?

Kweli, na inasikitisha kwamba vijana wetu hawafundishwi. Rasimu ilipofika ukumbini, Askofu Mkuu Donald Mtetemela wa Tanzania alipendekeza yaongezwe maneno ya kukataa tendo la jinsia moja kuwa halipatani na Maandiko. Yakapita.

Ila mtazame jinsi sentensi yenyewe ilivyokaa. Maneno ya Mtetemela ni kipande cha mwanzo tu. Baada yake kuna koma, na baada ya koma sentensi inawataka waumini wote wawahudumie watu wote kichungaji na kwa uangalifu bila kujali mvuto wao, na walaani hofu isiyo na msingi dhidi ya mashoga, ukatili ndani ya ndoa, na kulifanya tendo la ndoa kuwa kitu cha mzaha au biashara. Yote hayo ni sentensi moja. Nimesikia mahubiri mengi yanayoishia kwenye koma. Sijasikia hata moja lililotaja hofu isiyo na msingi na mume anayempiga mkewe kwa pumzi moja, ingawa maaskofu wenyewe walivitaja hivyo.

Kuwa na mvuto ni dhambi, au kutenda?

Mafundisho yetu yanatenganisha. Azimio la 1998 linakataa tendo. Halimkatai mtu kwa kile anachohisi. Wakatoliki wanatenganisha pia: Katekisimu yao, aya ya 2357 hadi 2359, inakataa tendo na kuuita mvuto wenyewe kuwa haukukaa sawa, lakini inaagiza watu hao wapokewe kwa heshima, huruma na busara, na kila ishara ya ubaguzi usio wa haki iepukwe.

Kijana mmoja aliandika: "Kama kuhisi si dhambi, mbona mnanicheka hata kabla sijafanya kitu?" Sikuwa na jibu la darasani. Niliwageukia wenzake.

Biblia inasema wapi?

Vifungu vinavyotajwa ni vichache: Mwanzo 19, Walawi 18:22 na 20:13, Warumi 1:26-27, 1 Wakorintho 6:9 na 1 Timotheo 1:10. Anayetaka kuelewa msimamo wa kanisa asianzie huko. Aanzie Mwanzo 1 na 2, kisha Mathayo 19, pale Yesu alipoulizwa kuhusu talaka akawarudisha wasikilizaji "tangu mwanzo". Fundisho la ndoa limejengwa hapo, na vile vifungu vingine ni kuta zake tu.

Tuziangalie kuta hizo kwa karibu, maana Kiswahili chetu kinaficha mambo. Katika Biblia ya Union, 1 Wakorintho 6:9 ina "wafiraji" na "walawiti". Kigiriki cha Paulo kina *malakoi* na *arsenokoitai*. Neno la kwanza maana yake ni "laini" tu. Ni neno lilelile ambalo kwenye Mathayo 11:8 limetafsiriwa "mororo", pale Yesu anapotaja mavazi mororo ya watu wa nyumba za wafalme. La pili limeunganishwa kutoka "mwanamume" na "kitanda", na maneno hayo mawili yamo katika Walawi 20:13 ya Kigiriki, kwa hiyo wengi wanaona Paulo alikuwa na Torati kichwani. "Walawiti" nalo tumelipata kwa Waarabu, kutoka jina la Lutu. Maskini Lutu! Aliyeokolewa kutoka Sodoma ndiye aliyebebeshwa jina la kosa la majirani zake.

Wapo wanaosema Paulo aliwalenga watu walionunua wavulana watumwa na makahaba, kwani ndivyo miji ya Kirumi ilivyokuwa, na kwamba hakujua habari ya watu wazima wawili walioahidiana maisha. Hoja hiyo ina uzito kwenye 1 Wakorintho. Kwenye Warumi 1:27 mimi naiona inapungua nguvu, na Kiswahili kinanisaidia: "wakawakiana tamaa". Ile *-ana* ya kutendeana imefuata Kigiriki. Si mmoja anayemlazimisha mwingine. Basi ninaposema nakubaliana na usomaji wa kanisa langu, sababu yangu ni hiyo.

Lakini barua ya Paulo haikuandikwa ikiwa imegawanywa sura. Msomaji wa Rumi aliyekuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika alifika mara moja kwenye 2:1, "huna udhuru", wewe unayehukumu. Mtego ulitegwa kwenye sura ya kwanza ili ufyatuke kwenye ya pili.

Na Sodoma?

Watu wa Sodoma walitaka kuwabaka wageni wa Lutu. Ezekieli 16:49 inaitaja dhambi ya mji ule kuwa kiburi, shibe na kutomsaidia maskini. Yuda 7 inataja uasherati. Kifungu hiki hakitoshi kujibu swali la leo, na mimi darasani sikitumii.

Wakristo wanaokubali mahusiano haya wanaisoma Biblia gani?

Hiihii. Usiwadharau kwa kudhani wameitupa. Hoja yao inakwenda hivi: vifungu vinakataa unyonyaji na ibada za sanamu, wala havizungumzii agano la uaminifu, Mungu alisema si vema mtu awe peke yake, useja ni karama ambayo Paulo mwenyewe alisema si ya kila mtu, sasa mbona kundi zima la watu lilazimishwe? Tena wanakumbusha kwamba kanisa limewahi kusoma upya. Katika Matendo 15 watu wa mataifa walipokelewa bila tohara, baada ya mitume kusikiliza yaliyowapata.

Jibu la upande wetu ni kwamba Matendo 15 yenyewe iliwaondolea wale watu tohara na kuwaachia katazo la uasherati. Mabishano yanaendelea, na wanaobishana ni watu wanaosali.

Mbona mitala mliilegezea?

Swali hili liliandikwa na binti wa miaka kumi na sita, na ndilo gumu kuliko yote.

Mwaka 1888 Lambeth iliamua mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe. Wake zake waliweza kubatizwa katika hali fulani. Kwa miaka mia moja wazee wa Afrika Mashariki walikaa nje ya kanisa, au wakawafukuza wake wa pili na wa tatu ili waingie. Mwanamke aliyetolewa hivyo aliondoka na kanga zake na watoto wadogo, akarudi kwa kaka zake ambao mahari walishakula. Mwaka 1988 Lambeth ikabadili utaratibu katika azimio la 26, na Askofu David Gitari wa Kenya alikuwa miongoni mwa waliolisukuma. Mwenye mitala akiamini anaweza kubatizwa na kupewa kipaimara pamoja na wake na watoto wanaoamini, kwa sharti kwamba hataoa tena maadamu wake hao wako hai, na kwamba jumuiya ya Kianglikana ya mahali pale imekubali. Asilazimishwe kumwacha mke yeyote, kwa sababu ya dhiki itakayompata mwanamke.

Fundisho la mume mmoja na mke mmoja halikubadilika. Walichokubali ni kwamba mtu anaweza kuwa ameshajenga maisha, na kuyabomoa kuna anayeumia. Wanaotetea mahusiano ya jinsia moja wanauliza kwa nini huruma hiyo isifike kwao. Wanaopinga wanajibu kwamba mitala ilivumiliwa katika Agano la Kale na tendo hili halikuvumiliwa, na kwamba azimio la 1988 linafunga mlango wa mke mpya badala ya kuufungua. Mimi naona jibu hilo ni sahihi kwa upande wa fundisho. Kwa upande wa huruma, binti yule bado ananidai.

Na wale wanaoishi bila ndoa?

Wanahusika moja kwa moja. Uasherati katika mafundisho yetu ni pamoja na wachumba wanaoishi pamoja wakisubiri pesa ya sherehe, mzee wa kanisa mwenye nyumba ndogo, na mwalimu anayemnyatia mwanafunzi. Ndoa za kubariki baada ya watoto watatu tunazifunga kila mwaka kwa vigelegele, na ni vizuri. Ila anayecheka kwa furaha kwenye hizo kisha akawa simba kwenye hili moja, nina mashaka na mizani yake.

Ugomvi wa kanisa ulianza lini?

Mwaka 2003 Waanglikana wa Marekani walimchagua Gene Robinson, aliyekuwa akiishi na mwenzi wa kiume, kuwa askofu wa New Hampshire, wakamweka wakfu tarehe 2 Novemba. Mwaka huohuo dayosisi ya New Westminster huko Kanada ilianza kubariki mahusiano ya jinsia moja. Desemba 2006 maaskofu wa Tanzania walitangaza kwamba ushirika wao na Kanisa la Episkopali la Marekani, yaani Waanglikana wa huko, umeharibika vibaya.

Februari 2007 maaskofu wakuu wa dunia nzima wakaja Dar es Salaam. Katika mkutano ule baadhi yao kutoka nchi za Kusini walikataa kupokea Meza ya Bwana pamoja na Askofu Katharine Jefferts Schori, aliyekuwa mkuu wa kanisa hilo la Marekani. Jumapili ya tarehe 18 ilifanyika ibada Zanzibar, katika kanisa kuu la Mkunazini, kukumbuka miaka 200 tangu Uingereza ipige marufuku biashara ya watumwa. Mliofika mnajua: mbele ya altare kuna mviringo wa marumaru nyeupe sakafuni, umezungushiwa nyekundu, mahali panaposemekana ulikuwapo mti wa kuchapia watumwa. Katika 1 Timotheo 1:10, neno linalofuata mara tu baada ya "wafiraji" ni "waibao watu". Wapo Wakristo waliosoma kifungu hicho kwa karne nyingi huku wakiwanunua watu. Ninalitaja kwa wanafunzi ili wajue kwamba mtu anaweza kuona neno moja katika mstari na kulipita la jirani yake.

Uingereza sasa wanafungisha ndoa za jinsia moja kanisani?

Hapana, si Kanisa la Uingereza. Februari 2023 Sinodi yao ilikaribisha mpango wa sala za kuwaombea wenzi hao, na kuanzia tarehe 17 Desemba 2023 sala hizo ziliruhusiwa ndani ya ibada za kawaida. Kanisa la Episkopali la Scotland na la Marekani yameruhusu ndoa. Mkutano wa GAFCON, mtandao wa Waanglikana wahafidhina, uliofanyika Kigali Aprili 2023 ulitamka kwamba hauna tena imani na uongozi wa Askofu Mkuu wa Canterbury.

Wakatoliki na Walutheri je?

Tarehe 18 Desemba 2023 Vatikani ilitoa tamko la *Fiducia supplicans*, lililoruhusu baraka fupi isiyo ya kiliturujia kwa watu walio katika mahusiano hayo, bila kugusa fundisho la ndoa. Maaskofu wa Afrika, kupitia Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, wakasema Januari 2024 kwamba huku baraka hizo hazitatolewa kwa wenzi wa jinsia moja, na Papa Fransisko akaliridhia hilo. Maaskofu wa KKKT, yaani Walutheri wa Tanzania, walishasema msimamo wao Bukoba mwaka 2004, na tena katika Tamko la Dodoma mwaka 2010, baada ya Kanisa la Sweden kukubali ndoa hizo mwaka 2009.

Mashahidi wa Uganda hawakufa kwa kupinga ushoga?

Walikuwa 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, waliouawa chini ya Kabaka Mwanga kati ya 1885 na 1887. Wengi walichomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Kukataa matakwa ya kimwili ya mfalme ni sehemu ya habari hiyo. Sehemu nyingine ni hofu ya Mwanga kwamba vijana wa ikulu sasa wanamtii Bwana mwingine, na kwamba Wazungu wanamzunguka. Tusisahau walikuwa ni watumishi vijana, na aliyewataka alikuwa na mamlaka ya kuwaua. Leo tungeita ukatili wa kingono.

Je, haya si mambo ya kuletwa na Wazungu?

Makanisa yaliyobadili mafundisho ni ya huko, ndiyo. Watu wenye mvuto huu hawakuletwa na meli. Kiswahili cha pwani kilikuwa na maneno yake kabla ya televisheni kufika, na mengine tunaona haya kuyatamka mbele ya wazee. Kwa wanaotoka bara: mama wa Mombasa au Unguja akimwita mwenzake "shoga yangu" anamaanisha rafiki kipenzi. Usije ukaanzisha vita kwenye daladala.

Mkristo aunge mkono wafungwe jela?

Sheria ya Tanzania Bara ina adhabu ya miaka 30 hadi maisha. Ya Kenya, hadi miaka 14. Uganda mwaka 2023 iliongeza hata adhabu ya kifo kwa makosa fulani. Askofu Mkuu Kaziimba wa Kanisa Anglikana la Uganda aliishukuru serikali kwa sheria hiyo lakini akasema kanisa lake haliungi mkono kifo, linapendekeza kifungo cha maisha. Askofu Mkuu wa Canterbury alimwandikia kumpinga.

Kwa upande mwingine, maaskofu wakuu wa Kianglikana walipokutana Canterbury Januari 2016 walirudia kukataa adhabu za jinai dhidi ya watu wenye mvuto wa jinsia moja. Papa Fransisko alisema Januari 2023 kwamba kuwa hivyo si jinai, akiwa karibu kusafiri kwenda Kongo na Sudan Kusini. Jibu langu binafsi: kitu kinaweza kuwa dhambi bila polisi kuhusika. Uzinzi ni dhambi, na sijaona mtu akitaka wazinzi wote wa mtaa wetu wakae gereza la Segerea. Pasingetosha.

Maombezi yanaweza kumbadilisha?

Mungu anaweza yote. Ila nisikudanganye: Exodus International, shirika la Kikristo la Marekani lililofanya kazi hiyo tangu 1976, lilifungwa mwaka 2013, na kiongozi wake aliomba radhi na kukiri kwamba wengi mno aliokutana nao mvuto wao haukubadilika. Kumpiga mtu, kumfungia ndani afunge siku saba, au kumpeleka kwa mtu anayedai atamtoa pepo kwa ada, hayo si maombezi. Na kumwozesha haraka "apone" ni kumdhulumu binti wa watu, atakayelala miaka ishirini kando ya mtu asiyemtaka bila kujua kosa lake.

Mwanangu ameniambia yuko hivyo. Nifanye nini?

Mama, usiku huu usifanye lolote. Amekwambia wewe, hakuwaambia wajomba zake. Maana yake bado anakuona mama. Usiitishe kikao cha ukoo. Usilipeleke kwenye kikundi cha WhatsApp cha jumuiya kwa jina la "ombi maalumu", maana kwa sheria zetu na majirani zetu ombi hilo linaweza kumpeleka mtoto mahali ambapo huwezi kumtoa. Mwekee chakula. Kesho zungumza na kasisi mmoja unayejua anatunza siri, na kabla hujaenda mwambie mwanao kwamba unakwenda.

Kama una jambo la kumfundisha kuhusu imani, muda upo. Mtoto aliyefukuzwa usiku hafundishiki.

"Mimi nikiwa hivyo, nije Jumapili?"

Karatasi hii ilikuwa ya daftari la mistari, imekunjwa mara nne, wino wa kijani. Sijui nani aliiandika na sijajaribu kulinganisha mwandiko. Niliisoma kwa sauti kama ninavyosoma nyingine zote, darasa likanyamaza, na nikajibu nikiwa nimetazama boksi ili nisimtazame mtu.

Ndiyo, njoo. Ibada ya kwanza ni saa moja, ya pili saa tatu. Kiti cha tatu kutoka nyuma, upande wa kinanda, huwa hakina mtu.